Mapengo ya Dark Souls: yapi yaliachwa makusudi, na yapi yalibaki kwa sababu muda uliisha?

#1, Mleta uzi

Wakuu, salaam. Juzi kulizuka ubishi mkali humu kuhusu kile kidani cha gemu ya Dark Souls, kama kina siri au hakina, na kwa kuwa baadhi ya wachangiaji walishikilia kwamba hakuna jiwe wala mfupa ndani ya gemu ile uliowekwa bila hesabu, nimeona nilete kwa utaratibu ninayoyafahamu kuhusu jinsi ilivyotengenezwa. Hoja yangu ni kwamba gemu hizi zimejaa mapengo, na sisi wachezaji tumezoea kuyaheshimu yote kwa kiwango kimoja, ilhali mengine yaliachwa na mtu aliyejua anachokifanya na mengine yalibaki kwa sababu muda uliwaishia mafundi.

Nianze na mtu mwenyewe. Hidetaka Miyazaki, mwongozaji wa Dark Souls, alikulia Shizuoka, nchini Japani, katika familia yenye kipato kidogo, na kwa kuwa nyumbani hakukuwa na fedha za kununulia vitabu, alikuwa akiazima maktaba. Mara nyingi alichukua vitabu vilivyomzidi umri, vyenye maandishi asiyoweza kuyasoma yote. Alipokwama aliitazama michoro na kujijazia mwenyewe sehemu iliyobaki. Aliyasimulia haya mwaka 2015 alipohojiwa na gazeti la The Guardian la Uingereza, na mtu yeyote aliyewahi kukaa nusu saa akisoma maelezo ya pete moja ndani ya Dark Souls, akijaribu kuyaunganisha na sanamu iliyovunjika aliyoiona saa tano kabla, anajua kwamba yule mtoto wa maktaba hakuiacha tabia yake.

Hakuanzia kwenye gemu. Alisoma sayansi ya jamii katika Chuo Kikuu cha Keio, kisha akaajiriwa na kampuni ya Oracle. Rafiki yake alimshauri aicheze Ico, gemu ya Sony ya mwaka 2001, na baada ya hapo aliamua kubadili kazi akiwa na umri wa miaka 29, umri ambao kampuni nyingi za gemu hazikuona sababu ya kumpokea mtu asiye na uzoefu. FromSoftware ya Tokyo ilimpokea mwaka 2004, kwa mshahara mdogo kuliko aliokuwa akipata. Kampuni hiyo yenyewe, iliyoanzishwa na Naotoshi Zin mwaka 1986, ilikuwa ikitengeneza programu za maofisini kabla ya kutoa King's Field mwaka 1994, gemu ya giza, ya mwendo wa polepole na isiyomwonea mchezaji huruma, ambayo ndiyo bibi wa hizi zote tunazozijadili.

Sasa tufike kwenye Demon's Souls, gemu iliyoitangulia Dark Souls. Miyazaki alipousikia mradi huo ndani ya kampuni, ulikuwa umekwama na tayari unahesabiwa kuwa umeshindikana. Yeye aliona fursa papo hapo: kama angeweza kuushika, angeugeuza kuwa chochote anachotaka, na hata mawazo yake yakifeli hakuna ambaye angejali, kwa sababu tayari ulikuwa umefeli. Naomba tulizingatie jambo hili, kwa kuwa watu wengi humu huielezea Demon's Souls kana kwamba kampuni nzima ilikaa mezani ikaamua kutengeneza gemu ngumu. Hakuna meza ya namna hiyo ambayo ingepitisha wazo la mchezaji kuuawa, kupoteza nafsi zote alizokusanya (ndizo fedha za gemu), na kurudishwa mwanzo wa eneo akiwa na nusu ya uhai wake. Lilipita kwa sababu wenye meza walikuwa wameshakata tamaa.

Ilipokaribia kukamilika, Shuhei Yoshida, aliyekuwa kiongozi wa studio za Sony duniani, aliicheza kwa takriban saa mbili na bado akawa palepale mwanzoni. Baadaye alikiri hadharani kwamba aliiona gemu mbaya kupindukia. Sony iliitoa Japani Februari 2009 na haikutaka kuisambaza nchi za Magharibi. Ni Atlus iliyoipeleka Amerika Kaskazini Oktoba mwaka huohuo, na Ulaya ilisubiri hadi Juni 2010. Yoshida alikuwa mwungwana wa kukiri kwamba walikosea.

Nitaendelea na kidani. Maswali yanakaribishwa.

#2, Mchangiaji

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Niliwahi kusikia kwamba Dark Souls ilikuwa na jina jingine na kwamba jina hilo lilibadilishwa kwa sababu ya aibu. Je, jambo hilo ni la kweli, au ni porojo za vijiweni?

#3, Mleta uzi

Ni kweli, mkuu. Ilitangazwa mwaka 2010 kwa jina la muda la Project Dark, na jina lililofuata mezani lilikuwa Dark Ring. Katika Kiingereza cha mtaani cha Waingereza maneno hayo hutaja sehemu ya mwili ambayo mtu mstaarabu haitaji mbele ya wakwe zake, kwa hiyo yakawekwa kando. Dark Race nalo lilifikiriwa, likaachwa kwa sababu lingesomeka kama jambo la rangi za watu. Ndipo likabaki Dark Souls, jina lililowaunganisha na gemu iliyotangulia bila kulichukua jina lake, kwa kuwa Demon's Souls ilikuwa mali ya Sony na hii mpya ilikuwa inatolewa nje ya Japani na Namco Bandai. Zaidi ya miaka kumi baadaye, Februari 2022, FromSoftware ilitoa Elden Ring, na neno lile likapata nafasi yake bila mtu kucheka.

Turudi kwenye kidani. Unapoanza Dark Souls unaulizwa uchague zawadi moja ya kuanzia. Wengi wetu tulichagua ufunguo mkuu, kwa kuwa unafungua njia za mkato mapema. Miongoni mwa zawadi hizo kuna kidani ambacho maelezo yake yanasema wazi kwamba hakina kazi yoyote, isipokuwa kumbukumbu njema humsaidia mtu katika safari ngumu. Kabla ya gemu kutoka, Miyazaki aliulizwa angechagua zawadi ipi, naye akajibu kwamba angechukua kidani, au asichukue kitu kabisa.

Mnajua kilichofuata. Watu walikipeleka kidani hicho kila pembe ya Lordran, nchi ya gemu hii. Walikishika mbele ya kila sanamu, wakakidondosha mbele ya kunguru wa pale gerezani anayebadilishana vitu, wakamaliza gemu wakiwa nacho na kuanza tena. Kitu kilichowatia moyo zaidi kilikuwa hiki: katika nyongeza ya Artorias of the Abyss ya mwaka 2012, kuna kidani kilichovunjika ambacho ndicho kinachokuwezesha kuingia kwenye zama za kale. Hicho ni kidani kingine kabisa, lakini nani alikuwa na masikio ya kusikia? Mwaka huohuo Miyazaki aliwaambia waandishi wa tovuti ya IGN kwamba jibu lake la mwanzo lilikuwa mzaha, kwamba alitaka kuwatania wachezaji kidogo.

Mimi nakiona kidani hicho kuwa ni ufunguo halisi wa gemu hii kuliko ule ufunguo mkuu. Maelezo yake yalisema ukweli mtupu tangu siku ya kwanza: hakina kazi. Hatukuyaamini kwa sababu gemu ilikuwa imetufundisha kwamba ukuta unaweza kuwa si ukuta, kwamba nyuma ya ukuta wa uongo kuna sanduku, na nyuma ya sanduku kuna ukuta mwingine wa uongo, na nyuma yake mti mkubwa usio na mwisho unaoshuka hadi Ash Lake, eneo lililofichwa chini kabisa. Mtu akishafika Ash Lake kwa kupiga kuta mbili tupu kwa upanga, utamwambiaje kwamba kidani hakina siri?

#4, Mchangiaji

Mkuu, hapa ndipo ninapopingana nawe. Ukikubali kwamba kidani kilikuwa mzaha, basi mtu anaweza kusema kila kitu ni mzaha au bahati mbaya. Lile eneo la Lost Izalith ndani ya Dark Souls nalo utasemaje? Mimi nimesoma maelezo marefu ya wachambuzi wanaosema kwamba eneo lile liko tupu na linachosha makusudi, ili kuonyesha ustaarabu ulioteketea.

#5, Mleta uzi

Nashukuru kwa pingamizi, kwa kuwa umeniletea mfano niliokuwa nikiuwinda.

Tuitazame Lost Izalith kwa karibu, kama fundi anavyokagua ukuta. Unashuka kwenye uwanja wa lava unaong'aa kiasi cha kuumiza macho. Mbele yako yamesimama madude makubwa, yamepangwa kwa umbali unaokaribiana, na kila moja ni miguu miwili, makalio na mkia, bila kiwiliwili cha juu. Sasa kumbuka ulikotoka. Katika bonde la Valley of Drakes kuna joka mfu lililolala karibu na ukingo wa jabali, nusu yake ya juu tu ikionekana, nyama zimeoza na mbavu ziko wazi. Miguu inayorukaruka Izalith inafanana na nusu ya chini ya joka lilelile. Mtu alihitaji maadui wa kujaza uwanja mkubwa, kazi ya kuchonga umbo jipya ingekula wiki, na nusu ya joka ilikuwepo tayari.

Na ukitaka kupima hasara yake, sikiliza habari za joka lenyewe. Mchoraji Masanori Waragai alisimulia katika mahojiano ya kitabu cha michoro ya gemu hii kwamba mchoro wake wa kwanza ulikuwa umejaa funza na mambo ya kutia kinyaa. Miyazaki aliukataa. Alimwuliza kama hawezi, badala ya hayo, kuonyesha huzuni ya mnyama mtukufu aliyehukumiwa kuoza polepole, pengine bila mwisho. Waragai akachora upya, na ndilo joka tunalolijua, ambalo mchezaji hulionea huruma hata linapomtemea sumu. Joka lililochorwa mara mbili ili libebe huzuni, na miguu ya jamaa zake iliyomwagwa Izalith kama mizigo bandarini: yote mawili yako kwenye diski moja, na mimi siwezi kuyaita yote mawili makusudi.

Kuhusu bosi, yaani adui mkuu, wa eneo hilo, Bed of Chaos, ushahidi uko ndani ya kanuni za gemu yenyewe. Katika Dark Souls nzima, ukifa mbele ya bosi unarudi na kumkuta mzima kama hujawahi kumgusa. Kwa huyu peke yake, sehemu ulizokwisha kuzivunja hubaki zimevunjika. Mafundi waliona kwamba sakafu inayoporomoka ghafla haimtendei mchezaji haki, wakampunguzia adhabu, na Miyazaki mwenyewe alikuja kukiri kwamba pambano lile halikuwa zuri.

Blighttown, eneo la kinamasi, sitaieleza sana. Kila aliyeicheza kwenye PlayStation 3 au Xbox 360 anakumbuka picha zikigandaganda mithili ya video kwenye mtandao hafifu, na hakuna mchambuzi aliyethubutu kudai kwamba hiyo nayo ni ishara ya uozo wa ustaarabu.

#6, Mchangiaji

Nimekubali nusu, mkuu, kwa shingo upande. Je, toleo la kompyuta lilitengenezwaje? Mimi nililicheza hilo na nilidhani mashine yangu ndiyo mbovu.

#7, Mleta uzi

Mashine yako ilikuwa nzima. Mwanzoni mwa 2012 wachezaji waliandika ombi mtandaoni la kutaka toleo la kompyuta, likapata sahihi zaidi ya 90,000, na Namco Bandai ikasikia. FromSoftware haikuwa na uzoefu wa kutosha na kompyuta na haikuficha jambo hilo. Watengenezaji walisema mapema kwamba wanapata shida. Toleo lilipotoka Agosti 2012, hata kama ungekuwa na skrini kubwa namna gani, picha ilichorwa ndani kwa ukubwa wa 1024 kwa 720 halafu ikavutwa kujaza skrini, ndiyo maana kila kitu kilionekana kana kwamba unakitazama kupitia chandarua.

Mtaalamu mmoja wa kompyuta anayejulikana mtandaoni kwa jina la Durante alitoa kifaili kiitwacho DSfix ndani ya muda mfupi mno baada ya gemu kuanza kuuzwa, nacho kikauondoa ukomo huo. Mimi nilikiweka kwenye kompyuta mpakato ya kuazima, hapa Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba majani ya msitu wa Darkroot Garden yana kingo. Usiku huohuo umeme ulikatika nikiwa katikati ya pambano na bosi Sif, betri ya mashine ile ikiwa ilikufa zamani. Uliporudi nilijikuta nimesimama nje ya ukungu unaoziba mlango wa bosi, nikiwa na nafsi zangu zote. Gemu hii huandika kumbukumbu yako karibu kila unapofanya jambo, kwa nia ya kukuzuia usizime mashine ili kukwepa kosa lako, na kumbe desturi hiyo ya ukali ndiyo iliyoniokoa.

#8, Mchangiaji

Na ile lifti ya Dark Souls II? Tafadhali usiniambie kwamba nayo ina maana.

#9, Mleta uzi

Lifti ya Earthen Peak ni kesi iliyofungwa, mkuu. Unapanda kinu cha upepo hadi kileleni, anga tupu juu yako, unaingia kwenye lifti inayopanda zaidi, na unatokea kwenye ngome ya chuma iliyozama katika bahari ya lava. Ukitazama kutoka nje, juu ya kinu hakuna mlima wowote.

Sababu yake inafahamika kwa sehemu kubwa. Miyazaki alikuwa akiiongoza Bloodborne kwa ajili ya Sony, kwa hiyo Dark Souls II iliyotoka Machi 2014 iliongozwa na Tomohiro Shibuya na Yui Tanimura, yeye akiwa msimamizi wa mbali. Tanimura ameeleza kwamba katikati ya kazi walilazimika kuifikiria upya gemu nzima, na sehemu zilizokwisha kujengwa zikatafutiwa matumizi mapya. Kinu na ngome huenda vilichorwa vikiwa na majirani wengine. Vilipohamishwa, lifti ikawa gundi.

Gemu hiyohiyo ilitoa kosa ninalolipenda kuliko yote. Kwenye kompyuta, silaha zilikuwa zikichakaa kwa kasi mara mbili. Uchakavu ulikuwa ukihesabiwa kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mwendo, ambayo upanga umegusana na mwili, na kompyuta ilikuwa ikionyesha fremu 60 kwa sekunde badala ya 30. Upanga mmoja, pigo moja, lakini mashine yenye kasi ikalihesabu mara mbili. Wachezaji walilalamika kwa takriban mwaka mzima, na kiraka kilikuja Aprili 2015. Kabla ya hapo nilisoma watu wakieleza kwa ufasaha mkubwa kwamba chuma cha Drangleic ni hafifu kwa sababu ufalme wenyewe umeoza.

#10, Mchangiaji

Hilo la mwisho nadhani niliandika mimi, mkuu, na ninaomba lifutwe katika kumbukumbu. Swali langu ni kuhusu Demon's Souls: lile jiwe la sita lililovunjika pale Nexus, ukumbi ambao mawe yake humpeleka mchezaji kwenye maeneo ya gemu, ni pengo la aina gani?

#11, Mleta uzi

Limo katika aina zote mbili, na ndiyo maana nalipenda. Hadithi inasema kwamba jiwe lile lilielekea nchi ya majitu ya kaskazini, nalo likavunjwa. Ndani ya diski, hata hivyo, wachimbaji wa mafaili walikuta mabaki ya eneo la theluji ambalo halikukamilishwa. Yaani eneo lilikatwa kwa sababu za kazi, kisha mtu akalipa kovu la heshima ndani ya simulizi. Studio ya Bluepoint ilipoijenga upya gemu hiyo kwa ajili ya PlayStation 5, Novemba 2020, iliamua kuliacha jiwe limevunjika.

Badala yake iliweka pengo lake yenyewe: mlango mmoja katika ngome ya Boletaria ambao haukuwa na njia ya kufunguka. Msako haukuchukua miaka kama wa kidani. Ndani ya siku chache iligundulika kwamba kuna sarafu za kauri za kukusanya na ndege wa kubadilishana naye, na nyuma ya mlango kulikuwa na vazi la Penetrator, mmoja wa mabosi wa gemu. Kazi nzuri, lakini siku chache tu, na kitu halisi mwishoni. Kidani hakikufungua siri yoyote, na bado tunakibishania mwaka huu.

#12, Mchangiaji

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kwa nini mchezaji mwingine anayekuja kupitia mtandao kukusaidia dhidi ya bosi hutoweka mara tu bosi anapokufa, bila nafasi hata ya kusema asante? Hilo nalo ni upungufu wa mtandao wa wakati ule?

#13, Mleta uzi

Hapana, hilo ni la makusudi, na lina kisa chake. Miyazaki alisimulia kwamba aliwahi kuendesha gari kwenye mlima wenye theluji iliyoanguka ghafla. Gari la mbele lilikwama, na magari yote nyuma yake, la kwake likiwemo, yakasimama kwenye mteremko yakiteleza. Ndipo gari lililokuwa nyuma likaanza kulisukuma la mbele yake, na mengine yakafanya vivyo hivyo, hadi yakavuka kilele moja baada ya jingine. Hakuweza kusimama kushukuru, kwa sababu angesimama wangekwama tena. Njiani kurudi nyumbani alijiuliza kama yule wa mwisho kabisa kwenye mstari, asiye na mtu wa kumsukuma, alifanikiwa kufika. Kutoka hapo ndipo alipopata wazo la wageni wanaotokea, wanaosaidia na kutoweka bila kubadilishana neno.

Kwa wanaotaka kulijaribu leo: seva za Demon's Souls ya PlayStation 3 zilizimwa Februari 2018. Zile za Dark Souls kwenye kompyuta zilizimwa Januari 2022 baada ya kugundulika udhaifu uliomwezesha mtu mbaya kuendesha programu zake kwenye kompyuta ya mchezaji mwenzake. Toleo lililoboreshwa, Remastered, lilirudishiwa huduma Novemba mwaka huo. Toleo la zamani la 2012 halikurudishwa. Kwa hiyo mkuu wa #6, kama bado una nakala yako ya zamani kama mimi, weka DSfix ufurahie majani ya Darkroot, lakini usisubiri alama za wachezaji wenzako za kuitwa kusaidia mlangoni kwa bosi. Hapo utakutana na wasaidizi wa gemu yenyewe tu, kina Solaire.